Sita kwa mmoja, na bado wanapigwa?

Msomaji_wa_Usiku:
Wakuu, nina jambo limenikaa kooni. Jana nimerudia ile hadithi ya katuni ya Spider-Man ya mwaka 1964 ya Stan Lee na Steve Ditko, Sinister Six, genge la maadui zake sita, wanapotokea kwa mara ya kwanza. Doctor Octopus kawakusanya Vulture, Electro, Kraven, Mysterio na Sandman. Wamemteka Betty Brant na Aunt May, shangazi yake Spider-Man (ambaye, masikini, anamwona Octopus bwana mstaarabu kabisa). Na Peter, yaani Spider-Man mwenyewe, nguvu zimempotea. Hapo si unamvamia tu kwa pamoja, mchezo unaisha?

Wapi! Wanamsubiri mmoja mmoja, kila mtu kituo chake, na akimpiga huyu anakuta kadi inayomwelekeza kwa anayefuata. Yaani adui unampa ramani! Mwisho Octopus anapigana naye ndani ya bakuli kubwa la samaki. Nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Hivi haya magenge yanashindwa kwa sababu gani hasa?

Kofia_Nyeusi:
Fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse sita. Kila mmoja anataka aitwe yeye ndiye aliyemuua Spider-Man. Wangemvamia pamoja, sifa angeichukua nani?

Fundi_Wino:
Mkuu, wewe unasoma kama jenerali wa jeshi, soma kama mchoraji. Lile lilikuwa toleo nene la mwaka, na Ditko alitenga ukurasa mzima wa mchoro mmoja kwa kila pambano. Rudi kwenye ukurasa wa Sandman uutazame taratibu. Ungewatia wote sita chumba kimoja, ungepata vumbi na mikono inayopishana, basi.

Kijani_Kibichi:
Mnachanganya genge na shirika. Hydra, lile shirika la siri la wahalifu kwenye katuni za Marvel, wapo tangu 1965, na kaulimbiu yao ni kwamba ukikata kiungo kimoja, viwili vinaota mahali pake. Askari wao wamevaa sare ya kijani, sura zimefunikwa, akianguka mmoja anavalishwa mwingine. Sandman akikamatwa, nani atavaa mchanga wake?

Msomaji_wa_Usiku:
@Fundi_Wino umenipata, nimeurudia huo ukurasa na nimekaa kimya. Lakini @Kijani_Kibichi, hao Hydra wako ndio wananichosha. Wanapigwa mia kwa mkupuo na hakuna hata mmoja unayemkumbuka kwa jina.

Dada_Kurasa:
Basi soma Masters of Evil, genge la Helmut Zemo, wa 1986 hadi 1987, Roger Stern akiandika na John Buscema akichora. Zemo hakutuma mtu mmoja mmoja. Alikusanya umati, akavamia jumba la Avengers, timu ya mashujaa akina Captain America na Hercules, wakati wenyewe wametawanyika. Hercules alipigwa mpaka akapoteza fahamu kabisa. Jarvis, mtumishi wa nyumba asiye na nguvu yoyote, alipigwa na Mister Hyde huku Captain America amefungwa anatazama.

Ila kilichoniuma mimi ni picha. Zemo aliharibu vitu vya Captain America, ikiwemo picha ya marehemu mama yake. Vita vimekwisha, wameshinda, na yule mwanamume mwenye ngao analia kwa sababu ya karatasi iliyochanika.

Kofia_Nyeusi:
Na bado Zemo alishindwa. Mimi nawapenda Rogues, genge la maadui wa shujaa Flash. Captain Cold hataki kutawala dunia, anataka hela za benki, na wana masharti yao ya kutoua ovyo. Tamaa ndogo ndiyo inawaweka pamoja.

Msomaji_wa_Usiku:
@Dada_Kurasa hiyo ya picha nilikuwa nimeisahau, asante kwa kuniharibia jioni. Nakubali, Zemo alijua kupanga. Mwaka 1997 huyo huyo aliwavalisha watu wake mavazi mapya, wakajiita Thunderbolts, na watu wakawashangilia kama mashujaa, msomaji asijue ni akina nani mpaka ukurasa wa mwisho wa toleo la kwanza. Lakini zile kadi za Octopus siwezi kuzitetea. Kuna mtu alikaa mezani akaziandika moja moja!