Amri ya kumi ina mtumwa ndani yake, tuwaambie nini watoto?

Mleta mada (Bagamoyo)
Wakuu habari za jioni. Mimi siyo padri wala katekista wa kusomea, ni baba wa familia mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ila Jumamosi nasaidia kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Juzi kuna kabinti ka darasa la nne kamenitoa jasho. Sisi tunawakaririsha amri ya kumi ile fupi, usitamani mali ya mtu mwingine, basi yeye kaenda kwao kafungua Biblia Kutoka 20:17 kakuta ndefu, kuna mke wa jirani, mtumwa wake, mjakazi wake, ng'ombe wake, punda wake. Akaniuliza, mwalimu, kumbe Mungu alijua jirani ana mtumwa na hakumwambia amwachie? Nikasema tutaendelea wiki ijayo 😂

Sasa wiki ijayo ndo hii. Nimekulia hapa, mbuyu wa misheni naujua, mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone, yule mmisionari aliyepinga biashara ya watumwa, 1874 naujua, na hadithi ni moja kwamba kanisa lilileta uhuru. Sipingi. Ila Papa Nicholas V mwaka 1452 alimruhusu mfalme wa Ureno kuwatia wapagani utumwani moja kwa moja, 1537 Paulo III akasema wenyeji wa Amerika wasifanywe watumwa hata kama hawana imani, halafu biashara yenyewe ikaja kukemewa waziwazi na Gregory XVI 1839. Hapo katikati fundisho lilikuwa lipi? Msinijibu kwa hasira jamani nauliza kweli.

Wa Dunda
Mkuu umesoma amri ya kumi ukaishia hapo hapo. Geuza ukurasa mmoja tu, Kutoka 21:16, anayeiba mtu na kumuuza adhabu yake ni kifo. Kumbukumbu 23:15 mtumwa akikimbilia kwako usimrudishe kwa bwana wake. Kwa sheria hizo mbili tu misafara yote iliyoshuka hapa kwetu na pembe na watu ilikuwa haramu, maana wale watu waliibwa. Na askofu Gregory wa Nyssa karne ya 4 alishahubiri kwamba binadamu hana bei kwa kuwa ni sura ya Mungu. Fundisho lilikuwepo, wenye maslahi ndo walilifunika.

Mdigo halisi
Niko Tanga mjini, ni Mwislamu, naomba nichangie kwa adabu. Kaka wa Dunda mbona Walawi 25 umeiruka, ile inayosema watumwa nunueni kwa mataifa yanayowazunguka na muwarithishe watoto wenu? Wazungu walioshika mashamba ya miwa kule Amerika hawakuhitaji kufunika kitu, walinyoosha kidole wakaonyesha mstari. Sisi nasi tusijifanye wasafi, kwetu kumwacha huru mtumwa ni kafara na thawabu kubwa, lakini mababu wa huku pwani walimiliki watu na wakaswali sala tano. Wote tuna maandiko mazuri na historia mbaya.

Halafu hiyo misheni. Wale mapadre wa Roho Mtakatifu walianza Unguja 1863 wakaja kwenu 1868, wengi wa watoto waliowalea waliwanunua kwenye soko la watumwa. Sawa, walitoka kwenye mnyororo. Ila wakalima mashamba ya minazi ya misheni, wakaozeshwa na misheni, na wapo waliotoroka. Mtu huru anatoroka nini?

Wa Dunda
Mtoto wa miaka saba, kwao ni mwendo wa miezi huko bara, ungemwachia sokoni Unguja aende wapi? Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mdigo halisi
Ningemnunua. Sijasema wasingenunua. Nasema tusiite uhuru kitu kilichoanza na risiti.

Bibi wa Muheza
Wanangu mnapigana mishale wakati jambo liko kwenye lugha yenu. Mtume na mtumwa vyote vinatoka kwenye kutuma. Warumi inaanza Paulo, mtumwa wa Kristo Yesu, aliyeitwa kuwa mtume, sentensi moja maneno yote mawili. Paulo huyo huyo ndiye aliwaambia watumwa wa Efeso watii, na ndiye alimwandikia Filemoni ampokee Onesimo, mtumwa wake aliyemkimbia, si kama mtumwa tena ila ndugu mpendwa. Mimi naona alimtega Filemoni. Hakumwambia mwachie huru, alimwambia ni ndugu yako, sasa ukae mezani na ndugu yako halafu umtume maji tuone. Ila kweli ilichukua karne nyingi mtego kufyatuka, na hilo linauma.

Mleta mada (Bagamoyo)
Shikamoo bibi, hapo umenipa somo. Mdigo ya risiti imeniuma lakini imeingia. Jumamosi nawapeleka chini ya mbuyu, kwanza tunasoma Kutoka 20:17 yote bila kukata, halafu barua ya Filemoni nzima, ni sura moja tu mistari 25. Kabinti kale ndo nitakapa kusoma. Akiuliza kama Onesimo aliachiwa au la nitamwambia ukweli, barua inaishia bila kusema.