Mtoto anashtuka-shtuka au kutetemeka bila kutaka: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada: Wadau mnaolea au kuhudumia watoto wenye miondoko wasiyoitawala, tuwekeane hapa dalili za kungojea na za kukimbilia hospitali.

Mkunga: Kichanga akitetemeka kidevu au mikono, kishike kiungo kwa upole na kukikunja. Mtetemeko wa kawaida hukoma papo hapo. Degedege huendelea kudunda mkononi mwako. Lakini akiwa mlegevu au hanyonyi, apimwe sukari na kalsiamu hata kama umekoma. Mishtuko inayokuja usingizini tu na kukatika akiamshwa haina madhara. Usimbane, maana kumbana huizidisha.

Daktari wa watoto: Inayoniumiza zaidi ni ile miondoko ambayo watu huiita chango, yaani maumivu ya tumbo. Mtoto wa miezi 3 hadi 12 ametoka tu kuamka. Kichwa kinainama ghafla, mikono inatanuka au inajikunja, sekunde moja au mbili, kisha analegea. Sekunde chache baadaye tena, na tena, mfululizo. Maumivu ya tumbo hayaji kwa mapigo ya namna hiyo. Hicho ni kifafa cha wachanga, apelekwe siku hiyohiyo. Anahitaji EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, na ihusishe usingizi, kwa sababu akiwa macho mawimbi ya ubongo yanaweza kuonekana shwari. Dawa zake ni prednisoloni, sindano za homoni ya ACTH au vigabatrini. Kila wiki inayopotea inamgharimu akili. Mtoto aliyekuwa anatabasamu na kukaa anaanza kuyaacha hayo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo: Video inasaidia kuliko maelezo. Mfunue blanketi, washa taa, mwili mzima uonekane pamoja na macho. Rekodi tangu mwanzo mpaka anapotulia. Katikati mwite jina, kisha mguse. Anayepunga mikono kwa furaha, tabia ambayo mara nyingi huanza kabla ya miaka 3, huacha akiitwa. Degedege haliachi.

Mfamasia: Ulizeni dawa alizomeza. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika inaweza kupindisha shingo, kutoa ulimi nje na kupandisha macho juu, mtoto akiwa na fahamu zake. Wengi hudhani ni pepopunda. Dawa isimamishwe, pakiti iende naye hospitali. Sindano ya kuituliza misuli ipo na hufanya kazi haraka.

Daktari wa watoto: Niongeze kwa wakubwa kidogo. Kupepesa macho au kukunja pua kunakoanza karibu miaka 5 hadi 7 kusikemewe, kukemea kunazidisha. Ila mtoto wa miaka 5 hadi 15 anayeanza kudondosha vikombe, mwandiko umeharibika, na ukimwambia akushike vidole mkono wake unakaza na kulegea kama anayekamua maziwa, huenda ni ugonjwa wa Sydenham, unaofuata maambukizi ya koo ya wiki au miezi iliyopita. Moyo upimwe kwa ultrasaundi hata kama halalamiki kifua. Sindano za penisilini za kila wiki 3 au 4 huendelea kwa miaka, hata miondoko ikishaisha, kwa sababu zinalinda vali za moyo.