Ushauri: niombe ukaazi wa kudumu Japani au niende moja kwa moja kwenye uraia?

Binti wa Lushoto
Wakuu, habari za leo. Naombeni ushauri, hasa kwa mliokwishapita njia hii.

Nipo Nagoya. Nilikuja kusoma shahada ya uzamili, nikapata kazi ya kutengeneza programu, na sasa nina zaidi ya miaka mitano kazini kwa viza ya kazi. Umri 32, mshahara umevuka kidogo yen milioni 5 kwa mwaka, Kijapani nina N2, yaani ngazi ya pili kutoka juu ya mtihani wa lugha (ya juu kabisa ni N1). Mume wangu Mtanzania yuko hapa kwa viza ya mtegemezi, na mtoto wetu amezaliwa hapa hapa. Watu walituaminisha kwamba mtoto akizaliwa Japani ni Mjapani. Tulipofika manispaa tukaelezwa kuwa uraia wa hapa unafuata mzazi, si mahali pa kuzaliwa. Kwa hiyo kila viza yangu ikikaribia kuisha, nyumba nzima haina amani.

Kuna mtu ananiambia uraia ni rahisi kuliko ukaazi wa kudumu, eti uraia ni miaka 5 na ukaazi ni 10. Ni kweli? Na nikichukua uraia, shamba aliloniachia marehemu baba kule Lushoto linakuwaje? Hilo ndilo linaniumiza kichwa.

Mzee wa Yokohama
Dada, pole na mawazo. Miaka aliyokutajia ndiyo hiyo: sheria ya uraia imeandika miaka 5 mfululizo, na ukaazi wa kudumu, eiju, kwa kawaida ni 10, ambayo angalau 5 uwe kwenye viza ya kazi. Ila miaka michache haina maana ya urahisi. Uraia unaombwa Homukyoku, ofisi ya masuala ya sheria, na mwamuzi ni Waziri wa Sheria. Utahojiwa, utaandika kwa mkono wako barua ya Kijapani kueleza kwa nini unataka kuwa Mjapani, na vyeti vyako vya RITA, wakala wa usajili wa vizazi kule Tanzania, pamoja na cheti cha ndoa ya wazazi vyote vitafsiriwe. Halafu serikali hapa inazidi kukaza mambo ya wageni, kwa hiyo uliza Homukyoku masharti ya sasa kabla ya kupanga lolote.

Kubwa zaidi, Japani inataka uachane na uraia wako wa awali, na Tanzania nayo hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Sheria ya Ardhi ya 1999 iliweka kimsingi kwamba asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Usiguse fomu ya uraia kabla hujaketi na wakili wa ardhi kuhusu hilo shamba. Ndugu wakishajua wewe si raia tena, mambo yanaweza kubadilika.

Nyang'au wa Kisumu
Naongezea kwa Wakenya wanaosoma hapa: katiba yetu ya 2010 inaruhusu uraia pacha, lakini haikusaidii kwa Mjapani. Yeye atakutaka uukane wa Kenya.

Fundi Msimbo
Mbona hakuna aliyemwambia dada kuhusu pointi? Hapa ndipo pa kukaa na kalamu.

Japani ina jedwali la wataalamu wa ngazi ya juu. Ukifikisha pointi 70 unaweza kuomba eiju baada ya miaka 3 badala ya 10, ukifikisha 80 ni mwaka 1. Tukuhesabie kwenye kundi la ufundi: uzamili 20, umri wa 30 hadi 34 unakupa 10, uzoefu wa miaka 5 unakupa 10, mshahara wa milioni 5 kwa umri wako 15, kusoma chuo cha Japani 10. Jumla 65. Usiongeze N2, maana pointi zake hazihesabiwi kwa aliyekwisha kupata za chuo cha Japani. Wengi wanajikwaa hapo. Lakini N1 inahesabiwa, nayo ni 15. Dada, ukipasi N1 una 80!

Na si lazima viza yenyewe iwe ya wataalamu. Unathibitisha kwa nyaraka kwamba pointi hizo unazo leo na ulikuwa nazo mwaka mmoja nyuma. Ndiyo maana umri ni muhimu: ukifika 35, pointi za umri zinashuka hadi 5, na milioni 5 haitakupa kitu, watataka kuanzia milioni 6. Mtihani upo Julai na Desemba. Jiandikishe wa karibu.

Mama Aisha
Mimi nimepata eiju, na sijaona kinachowaangusha watu kama nenkin, yaani pensheni ya hapa. Ukiacha kampuni, mwajiri hakukati tena pensheni wala bima. Pengo hilo ni lako, unakwenda manispaa kujiandikisha. Wakaguzi hawaangalii tu kama umelipa, wanaangalia kama umelipa kabla ya tarehe kupita. Kodi ya mkaazi, ile ya manispaa, ni vivyo hivyo. Sheria iliyopitishwa 2024 imekwenda mbali zaidi: inasema hata mwenye eiju anaweza kunyang'anywa akikwepa kodi au michango kwa makusudi.

Msafirishaji
Wanaofikiria kufungua kampuni ya kuuza magari ili wapate viza, tangu Oktoba 2025 mtaji umepanda kutoka yen milioni 5 hadi milioni 30. Dada, shikilia ajira yako.

Binti wa Lushoto
Nawashukuru sana. Jambo la pointi sikulijua kabisa. Mume na mtoto wataombaje? Na mdhamini nampata wapi?

Mama Aisha
Mdhamini awe Mjapani au mwenye eiju. Bosi wako, mwalimu wako wa chuo, hata jirani mnayeheshimiana. Ahadi yake haimfanyi alipe madeni yako, mweleze hivyo mapema kwa sababu wengi wanaogopa. Ukipata wewe, mume anahamia viza ya mwenza wa mkaazi wa kudumu na kikomo cha saa 28 za kazi kwa wiki kinaondoka. Mkiongeza mtoto baada ya hapo, mwombeeni eiju ndani ya siku 30 tangu azaliwe. Wiki hii nenda ofisi ya nenkin, omba rekodi ya malipo yenye tarehe, uikague mwezi kwa mwezi.