Msaada: napandisha tovuti kwa kivinjari, zip inakatikia njiani

Mwana Hombolo
Wakuu, heshima kwenu.

Niko Dodoma. Nimetengeneza tovuti ya kikundi cha kina mama wa Hombolo wanaouza zabibu mbichi, zabibu kavu na juisi. Ni kurasa za HTML za kawaida na picha nyingi, hakuna WordPress. Hosti (seva ya kuweka tovuti) imeshalipiwa, ina cPanel, ukurasa wa kuisimamia, na domeini ya .co.tz ipo hewani.

Shida iko kwenye kupandisha. Laptopu ninayotumia ni ya ofisi, hairuhusu kuweka programu yoyote, kwa hiyo habari ya FileZilla, ile programu ya kupandisha faili, haipo. Nimebaki na File Manager ya cPanel, kwa kivinjari. Nimefunga kila kitu kwenye zip moja ya MB 310 na natumia hotspot ya simu. Asilimia zinapanda vizuri, mtandao ukiyumba kidogo tu inarudi sifuri. Bando linakwisha na tovuti haijaenda. Mwenyekiti anataka ionekane kabla ya mavuno ya Agosti, na yule mama hana mchezo.

Kuna namna ya kumaliza hii kazi kwa kivinjari tu, au nikaazime laptopu?

Kisasa Boy
Azima laptopu mkuu. FileZilla ikikatika inaendelea pale ilipoishia. Kivinjari ni cha kupandishia nembo na PDF mbili tatu. Mimi cPanel huwa sigusi File Manager kabisa.

Fundi wa Area C
Kisasa Boy, kwenye kuendelea pale ilipoishia uko sahihi, upandishaji wa kivinjari hauna hiyo. Ila FTP, njia inayotumiwa na FileZilla, nayo inapeleka faili moja moja, na kila faili inafunguliwa muunganisho wake. Ukiwa na vifaili vidogo mia kadhaa kwenye mtandao wa simu, utalala hapo. Zip moja ukiifikisha kwenye seva ukabonyeza Extract, inafumuka kule kule bila kula bando lako. Kwa hiyo asihame.

Mtoa mada, nina swali. MB 310 za HTML zimetoka wapi? Kurasa zako zote pamoja na CSS sidhani kama zinafika MB 1. Fungua folda ya picha uangalie uzito, halafu urudi hapa.

Mwana Hombolo
Nimeangalia mkuu. Picha ni kama 50, nyingi zina MB 6. Zilipigwa shambani kwa simu. Nilijua zip itazipunguza.

Fundi wa Area C
Haizipunguzi. JPEG imeshabanwa tangu simu ilipoihifadhi, kuifunga tena kwenye zip ni kukamua zabibu iliyokwisha kamuliwa. Kinachoshuka kwa zip ni maandishi: HTML, CSS, JavaScript.

Dawa ni kupunguza vipimo vya picha zenyewe. Simu inatoa pikseli 4000 na kitu kwa upana, wakati mteja wako anatazama kwenye simu ya inchi 6. Weka 1600, kwa picha za pembeni hata 800 inatosha. Paint ya Windows ina Resize na tayari umo nayo. Ukitaka ubora mzuri zaidi ingia Squoosh, inafanya kazi ndani ya kivinjari na picha haiondoki kwenye mashine yako, kwa hiyo bando linaliwa na kufungua ukurasa tu. Kubali kazi ya kuchosha, ni moja moja. Ila picha ya MB 6 itashuka hadi KB mia tatu hivi, na zip yako nzima itakuwa MB 15 au 20. Na usisahau, mteja wa Manyoni mwenye bando dogo naye angezishusha hizo MB 6 kila akifungua ukurasa.

Mama Seva
Nyongeza kwa mdogo wangu mtoa mada. Usifunge folda ya tovuti yenyewe. Ingia ndani yake, chagua vyote, ndipo ufunge zip. Ukifunga folda, ukifumua utapata public_html/tovuti/index.html, na mtu akiandika domeini yako hakuti kitu. Na upandishie ndani ya public_html, ndiyo folda ambayo wageni wa tovuti wanaonyeshwa. Ukifungua File Manager inakuweka kwenye folda ya nyumbani, hapo watu wengi wanamwaga mzigo halafu wanalaumu hosti.

Kama bado una wasiwasi na mtandao, gawa: zip moja ya kurasa na CSS, nyingine mbili za picha. Ikikatika unarudia kipande tu.

Mtani wa Mpwapwa
Zabibu kavu kilo bei gani? Mbona hilo hamulisemi.

Mwana Hombolo
Mtani subiri tovuti ifunguke, bei ziko ukurasa wa tatu 😂

Kisasa Boy
Kwa nini lakini uchome bando? Tumia intaneti ya hapo ofisini.

Mwana Hombolo
Ya ofisini cPanel haifunguki kabisa. Inazunguka mpaka inachoka, wakati tovuti nyingine zinafunguka.

Mama Seva
Hilo ni lango 2083, ndilo cPanel inapitia. Ofisi nyingi zinaacha wazi 80 na 443 tu, malango ya tovuti za kawaida. Hosti nyingi zina anwani ya cpanel. ikifuatiwa na domeini yako, hiyo inapita 443. Jaribu, ukiomba ruhusa kwanza.

Mwana Hombolo
Imepita! Nimepewa ruhusa, zip ya MB 17 imepanda ofisini, nimefumua, ukurasa wa mbele unaonekana. Ila picha kadhaa za juisi hazitokei, na kwenye laptopu zinatokea vizuri.

Fundi wa Area C
Angalia majina. Faili inaitwa juisi.JPG, kwenye HTML umeandika juisi.jpg. Windows haijali, seva ya Linux inaona ni vitu viwili tofauti. Usipandishe upya, bonyeza Rename humo humo File Manager.

Mama Seva
Na zip uifute kwenye public_html ukimaliza. Inakula nafasi yako, na yeyote atakayeotea jina lake anaishusha nzima. Kwa HTML tupu si siri, lakini siku mkiweka mfumo wa oda, humo ndani kutakuwa na nywila ya hifadhidata.