Laptopu haioni waifai ya nyumbani ila za majirani inaziona, msaada wakuu

Bi_Hesabu:
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada nimekwama na kesho ni tarehe 20, kuna ritani ya VAT ya mteja lazima niitume. Laptopu yangu haioni kabisa waifai ya hapa nyumbani, yaani jina lenyewe halitokei kwenye orodha. Za majirani zinatokea zote hadi ya baa ya mtaa wa nyuma, na nikiwasha hotspoti ya simu inaiona na inashika fasta. Simu yangu, ya mume wangu na tivii zinatumia hiyohiyo waifai bila shida. Juzi ilikuwa inapiga kazi vizuri tu, usiku umeme ukakatika, uliporudi asubuhi ndo ikawa hivi. Laptopu ni yuzdi, shemeji aliniletea kutoka Marekani, ina Windows 10. Nimezima na kuwasha laptopu, nimezima na kuwasha ruta, nimeenda nayo mpaka pembeni ya ruta kabisa, wapi. Fundi wa hapa mtaani anasema kadi ya waifai imekufa ninunue nyingine, sijui nimpe hela au nisubiri.

Kitonga_Boy:
Pole dada. Hiyo ni draiva, ile programu inayoendesha kadi ya waifai. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi pale kwenye nembo ya Windows, ingia Device Manager, fungua Network adapters, ile ya wireless ifute halafu zima uwashe, Windows itairudisha yenyewe. Ila usitiki pale panapouliza kama ufute na draiva, utabaki huna kitu.

antena_ndefu:
Dada usimpe fundi hela kwanza. Kadi ingekuwa imekufa usingeona hata ya baa, na draiva ikiharibika mara nyingi waifai zote zinapotea, haichagui ya kwako tu. Laptopu ikiona za wengine na ya nyumbani isiione, mimi naenda kwenye ruta inarusha kwenye masafa gani na chaneli gani, yaani njia ipi ndani ya masafa hayo.

Nifanyie vitu viwili. Kwenye laptopu andika cmd pale pa kutafutia, ikifunguka andika netsh wlan show drivers halafu bonyeza enter, tafuta mstari wa Radio types supported uuandike hapa kama ulivyo. Kwenye simu weka programu inaitwa WiFi Analyzer, ni ya bure, inachora kila waifai iliyo karibu na chaneli yake, uniambie ya kwako iko namba ngapi.

Bi_Hesabu:
Asante kaka. Mstari umeandika 802.11b 802.11g 802.11n basi. Kwenye simu naona vilima vya rangi rangi, majirani wamejazana pale kwenye 1 na 6, wachache 11, ya kwetu iko peke yake huku mwisho kabisa kulia kwenye 13. Nikibadilisha kwenda 5 GHz jina letu linatokea tena, chaneli 36.

antena_ndefu:
Basi tumeipata. Ruta yako inarusha mara mbili kwa jina moja, kuna masafa ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Ule mstari wako hauna 802.11a wala ac, maana yake kadi yako ni ya 2.4 peke yake, ile ya 5 haiwezi kuiona hata uibebe ruta mapajani. Ikabaki ya 2.4, nayo iko chaneli 13. Marekani kwenye 2.4 wanatumia chaneli 1 mpaka 11, sisi na nchi nyingi tunaenda mpaka 13, na mashine nyingi zilizotengenezwa kwa soko la kule 12 na 13 hazizitafuti kabisa. Simu zenu na tivii ni za soko la huku ndo maana zinaiona.

Ingia kwenye ruta kwa kutumia simu, fungua kivinjari uandike 192.168.1.1 au namba iliyobandikwa chini ya ruta, paswedi ya kuingilia mara nyingi iko hapohapo. Tafuta WLAN au Wireless ya 2.4, pale kwenye Channel itoe Auto uweke 11 maana kwako ndo ina watu wachache, upana wa chaneli weka 20 MHz, sevu. Waifai itakata kidogo kwa wote halafu irudi.

Kitonga_Boy:
Mkuu nimekuelewa ila mbona juzi ilikuwa inaiona?

antena_ndefu:
Umeme. Ruta ikiwa kwenye Auto, ikiwaka upya inakagua hewa na kuchagua penye nafasi, na mtaani kwake penye nafasi ni huko 13 ambako hakuna mtu. Ndo maana hata alivyoizima na kuwasha ikarudi palepale. Ukiifunga kwenye 11 umeme ukatike usikatike itabaki hapo.

Mtu_wa_Mkunguni:
Naongezea kwa atakayepita hapa na yake chaneli iko sawa. Kama umenunua ruta mpya ya Wi-Fi 6 na laptopu ina kadi ya Intel ya zamani kidogo, draiva za zamani za Intel haziioni ruta ikiwa inarusha ax, yaani hiyo Wi-Fi 6 yenyewe. Unga laptopu na simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti, shusha draiva mpya. Ikigoma zima ax kwenye 2.4 ya ruta. Na angalieni jina la waifai lisiwe limefichwa, kuna watoto wanapenda kuchezea hizo setingi.

Bi_Hesabu:
Imeonekana jamani!! Nimeweka 11, ikakata, ikarudi na jina likatokea kwenye laptopu, ritani naituma sasa hivi. Mungu awabariki sana. Kaka antena, nikitaka na ile ya 5 nanunua nini?

antena_ndefu:
Adapta ndogo ya USB, hakikisha kwenye boksi imeandikwa ac au dual band. Zile zilizoandikwa N150 zipite, hizo ni 2.4 tu kama uliyonayo. Tuma ritani kwanza.