Tupeane uzoefu: uzamili tunao, kazi hatuna (Lamu na Malindi)

Mwanzisha mada, Langoni

Assalam aleikum ndugu zangu. Nilimaliza uzamili wa sayansi ya bahari mwaka jana, na tangu hapo nimetuma maombi 52. Nimeitwa mara mbili. Hii ya pili ndiyo bado imenikaa kooni.

Ujumbe uliingia Jumatano alasiri: intavyu Ijumaa saa mbili asubuhi, Nairobi. Alfajiri ya Alhamisi nikapanda boti ya Mokowe. Bahasha ya vyeti nimeifunga nailoni mbili, maana ilikuwa kusi, bahari imechafuka, na maji yalikuwa yakiturukia mpaka mapajani. Basi likapita Witu, Garsen, Malindi, mpaka Mombasa, kisha nikachukua jingine la usiku. Nilifika kukicha, nikaoga choo cha stesheni, nikalinyoosha buibui kwa kiganja.

Mwenyekiti wa jopo akaanza kwa kuniuliza kama Lamu kuna usalama. Wa pili akauliza mume wangu ataniruhusu kukaa mbali. Sina mume. Wa tatu akakishika cheti cha uzamili, akakigeuza nyuma kana kwamba huko pia kumeandikwa kitu, akasema, "Dada, umesoma sana kwa nafasi hii." Na tangazo lao wenyewe lilisema mwenye uzamili atafikiriwa kwanza! Yote yalichukua dakika 11.

Wenzangu mmepitia nini? Na cheti hicho mnakionyesha au mnakificha?

Jibu, Muyeye, Malindi

Pole dada. Mimi nilikificha.

Marehemu babu alikuwa mvuvi wa Ngomeni, akitusimulia roketi zilivyokuwa zikirushwa kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano baharini. Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa pale tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya uhuru wa Kenya, na jina ikapewa kwa hilo. Masimulizi hayo ndiyo yaliyonitia kwenye fizikia. Leo napokea wageni hotelini, na kazi yenyewe nimepewa kwa Kiitaliano nilichookota ufuoni.

Uzamili niliuondoa kwenye wasifu. Meneja akaona pengo la miaka miwili, akaweka kidole pale: "Hapa ulikuwa wapi?" Moyo ulinienda mbio. Huku kwetu ukiwa na pengo watu hudhani ulikuwa jela au kwenye unga. Nikasema kweli, nilikuwa chuoni. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi usiwaambie wenzako." Huu mwaka wa tatu sijawaambia. Msimu ukiisha hoteli hufungwa, na sote twarudi nyumbani bila mshahara, mwenye shahada mbili na asiye nayo hata moja.

Jibu, Mkomani

Nafundisha chuo kwa mkataba wa muda, nalipwa kwa somo. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya 2014 vilitaka mhadhiri awe na uzamivu, kwa hiyo sisi wa uzamili hupewa masomo yaliyokosa mwenyewe. Nimewahi kusahihisha karatasi 140 huku nikidai malipo ya muhula uliopita.

Lakini hilo nimelizoea. Lililonitoa machozi ni siku niliyokuwa saiba nikichapisha barua ya maombi, akaingia mwanafunzi wangu wa zamani kuchapisha yake. Tulikuwa tunaomba nafasi moja. Alipoona karatasi yangu akanisogezea kiti, akasema, "Mwalimu, tangulia wewe."

Jibu, Shela

Kuhusu makaratasi wanayodai waajiri, nisikilizeni, maana hili limenila pesa. Cheti cha tabia njema, cha kodi, cha HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo), cha CRB (wanaoweka rekodi za wadaiwa), na fomu ya EACC (tume ya maadili na kupambana na rushwa) iliyopigwa muhuri na kamishna wa viapo. Mwaka wa kwanza nilivikusanya vyote mapema, vikapitwa na wakati hata sijaitwa popote.

Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti hivyo mpaka awe anakusudia kukupa mkataba wa kazi. Matangazo mengi bado yanavidai, lakini ni vizuri mjue haki iko upande gani.

Hata kama huna senti, peleka ripoti ya kodi ya sufuri kabla ya Juni 30 kupita. Ukichelewa faini ni shilingi 2,000. Na HELB usiwanyamazie. Mwaka mmoja baada ya masomo deni linaanza kudaiwa, na adhabu ya kutolipa ni shilingi 5,000 kila mwezi. Waandikie, uwaeleze kwamba bado hujapata kazi.

Jibu, Faza

Mimi niliambiwa nimepata kazi, nitume 2,500 za kupimwa afya. Nikatuma. Kufika magharibi namba imezimwa. Zilikuwa pesa za mikeka ya mama. Atakayewaomba pesa ili awape kazi, msimpe hata shilingi.

Jibu, Matondoni

Wanangu, mimi si msomi, ni fundi wa majahazi. Kijana wangu ana uzamili wa uchumi, na mwezi wa kumi na tisa huu yuko nyumbani. Karo yake niliuza mashua niliyoiunda kwa mikono yangu, na sijuti. Lakini hatoki. Akisikia hodi huingia chumbani, kwa sababu kila mgeni swali lake ni "kazi vipi?"

Juzi nikamwomba anishikie ubao nipige misumari. Akashika kutwa nzima bila neno, na usiku akala vizuri. Kesho yake nikaogopa kumwita tena, asije akadhani nimemkatia tamaa. Nyinyi mlio kama yeye, mwapenda tufanyeje?

Mwanzisha mada

Shikamoo baba. Mwite. Mimi kuna siku nilitamani mtu anipe kitu cha kushika asiniulize lolote. Ila mwite siku ambayo kweli unamhitaji, atajua tofauti. Na wageni wakija, wajibu wewe kabla hawajamfikia.

Jumatatu navuka Mokowe. Kuna mradi wa mikoko wa miezi mitatu na wanataka pia mtu wa hesabu. Mwambie aje gatini saa kumi na mbili asubuhi, twende pamoja. Safari hii cheti cha uzamili nimekiweka juu ya vyote.