Mafundi wa Pemba, pimeni kwanza kabla hamjatuuzia kontroboksi (kompyuta ya injini)!

Assalaamu alaykum. Nafungua uzi huu nina hasira na sizifichi.

Gari ni Corolla AE100 ya 1994, injini 5A-FE, ya nozeli (zinazonyunyizia injini petroli). Ndiyo ya kwendea kazini Chake na ndiyo ya kupelekea wazee hospitali. Ilianza kutetemeka ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta: usukani unacheza, milango inalia, ukiwasha eisii inataka kuzima. Ukikanyaga mafuta inatulia kidogo, lakini ikikuta mlima haivuti.

Gereji fundi aliisikiliza tu akasema plagi. Zikabadilishwa, bado. Akasema waya za plagi. Bado. Ikaja pampu ya mafuta, tena used, tukaisubiri meli ya kutoka Unguja. Bado! Mwisho kanambia, macho makavu, kontroboksi imekufa. Nikalipa. Tetemeko liko pale pale, akapandisha skrubu ya sailensi mpaka mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika ukafika 1,200, akanipa funguo eti imepona. Injini hii ikishapata moto inatakiwa ikae 700 hadi 800 hivi. Kuipandisha ni kuficha ugonjwa, na petroli unailipia wewe.

Muda wote huo hakupima hata kitu kimoja!

Kijana mmoja wa Wete ndiye aliyeimaliza, ana multimita na bisibisi tu. Injini inanguruma, akawa anachomoa soketi za nozeli moja moja. Ya kwanza, ya pili na ya nne, kila akichomoa injini inazidi kuyumba. Ya tatu akachomoa, hakuna kilichobadilika. Basi silinda hiyo ndiyo iliyolala. Akajaribu cheche: ipo. Plagi yenyewe ilitoka kavu, haina hata harufu ya petroli. Akapima nozeli ikasoma omu 13.8, nzima kabisa. Akaigeuza ile soketi: pini zimeota kutu ya kijani. Chumvi hii hii ya bahari tunayoishi nayo! Akazisugua, akazibana, injini ikatulia palepale, na skrubu akairudisha chini.

Na msidanganywe kuwa gari za zamani hazipimiki. Chini ya boneti kuna kiboksi cha kupimia. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, halafu unahesabu taa ya injini inavyokonyeza. 22 (mbili, pumziko, mbili) ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya vakyumu. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Soketi ya nozeli ikifa, kompyuta ya enzi hizo haina namba ya kukwambia, ndiyo maana lazima fundi atie mkono na apime. Dakika chache tu!

Kinachoniuma zaidi: kontroboksi yangu ya asili, iliyokuwa nzima, kabaki nayo yule fundi wa kwanza. Kila nikiidai ananambia iko stoo. Naitaka, na pesa ya hiyo used aliyonitilia naitaka. Mwenye kujua pa kumshitaki hapa Chake anielekeze. Na kama imekukuta gereji ya hapa kutoa spea nzima ya gari yako wasikurudishie, andika hapa chini ilikuwa spea gani.